Vakansi kubwa: wiki tisa zinatosha mtoto kusahau kusoma

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa saba, viwanja vya shule zetu za msingi vinajaa wazazi na watoto waliovaa vizuri. Buleteni zinatolewa, majina yanasomwa, wengine wanapigiwa vigelegele na wengine wanarudi nyumbani kimya. Kisha mlango wa darasa unafungwa kwa kufuli na haufunguliwi tena hadi mwanzo wa mwezi wa tisa. Ni wiki tisa hivi. Mtoto aliyemaliza mwaka wa tano atapumzika na hatapoteza mengi. Lakini yule aliyemaliza mwaka wa kwanza ama wa pili, ambaye juzi tu ameanza kuunganisha herufi, akikaa wiki tisa bila kusoma hata neno moja atarudi shuleni akiwa amepoteza sehemu ya kile alichokipata kwa shida.

Tunataka kuzungumza juu ya watoto hao wadogo, wa miaka sita hadi tisa. Wakubwa wao wana mitihani ya taifa, kwa hiyo kila mtu anawafikiria. Hawa wadogo hawana mtihani wa kuogopesha familia, na labda ndiyo sababu mwezi wa saba ukifika hakuna anayeuliza kama bado wanajua kusoma.

Aliyewahi kumsikiliza mtoto wa mwaka wa pili akisoma anajua hali ilivyo. Mtoto anaona neno “maharagi”. Anaanza: ma... ha... ra... gi. Akifika kwenye “gi”, “ma” imekwisha kumtoroka, anarudi nyuma na kuanza upya. Nguvu yote ya kichwa chake inakwenda katika kutambua herufi, na haibaki hata kidogo ya kuelewa kwamba sentensi inasema mama anapika maharagi. Ni kama kijana anayejifunza kuendesha pikipiki: siku za kwanza anafikiria klachi, gia na breki, na barabara yenyewe haioni. Baada ya mazoezi mengi mkono na mguu vinajua kazi yao, ndipo macho yanakuwa huru. Motari wa miaka kumi akiacha pikipiki miezi miwili hasahau kuendesha. Aliyejifunza kwa wiki tatu tu akiiacha miezi miwili, ataanza karibu mwanzo.

Jambo hili limechunguzwa. Katika nchi ya Malawi, ambako madarasa yamejaa na vitabu ni vichache kama kwetu, watafiti walipima usomaji wa watoto wa madarasa ya chini kwa lugha ya Chichewa kabla ya likizo ya kumaliza mwaka, kisha wakawapima tena shule zilipofunguliwa. Matokeo yao, yaliyotolewa 2017, yalionyesha kwamba watoto walirudi wakisoma vibaya kuliko walivyokuwa wameondoka. Huko Marekani, Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka wa 1996 na kukuta kwamba, kwa wastani, likizo ya kiangazi inamrudisha mwanafunzi nyuma kwa karibu mwezi mmoja wa masomo, katika hesabu zaidi kuliko katika kusoma. Katika kusoma kulikuwa na tofauti ya kipato: watoto wa familia zenye uwezo hawakurudi nyuma, wale wa familia maskini ndio walioanguka.

Wataalamu hawakubaliani juu ya ukubwa wa pengo hilo. Paul von Hippel wa Texas aliandika 2019 kwamba baadhi ya matokeo ya zamani yalionekana makubwa kwa sababu ya namna mitihani ilivyohesabiwa. Ni haki kulisema. Lakini hata yule anayepunguza namba hizo hadai kwamba mtoto wa miaka saba anaendelea kujifunza kusoma bila kitabu, bila mwalimu na bila mtu wa kumsikiliza.

Na sisi hatuna cha kupoteza. Benki ya Dunia imekadiria kwamba, katika RDC, watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi na rahisi. Hao ni pamoja na wale wasiosoma kabisa na wale wanaoketi darasani kila siku. Kwa hiyo tunapoambiana kwamba mtoto “atapata tena mwezi wa tisa”, tujiulize atapata nini. Kile kidogo alichokuwa nacho ndicho kilichokuwa mtaji wake.

Tena mwaka wa masomo wenyewe, kwetu mashariki, hauji mzima. Mwaka wa 2020 shule zilifungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya Covid-19, na madarasa mengi hayakurudi kabla ya mwezi wa kumi. Mwanzo wa mwaka wa masomo 2024-2025 ulikuwa na mgomo wa walimu katika majimbo kadhaa, Kivu Kusini likiwa mojawapo. Kisha vita: Goma mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, zingine zilikuwa zimegeuka makao ya waliokimbia, na watoto walihama pamoja na wazazi wao kutoka eneo moja hadi lingine wakiacha kaye na buleteni nyuma. Mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza katika kipindi hicho hakusoma miezi kumi. Ukiongeza juu yake likizo ya miezi miwili, inabaki hesabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya mwenyewe.

Tangu mwezi wa tisa 2019, elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, kama kipengele cha 43 cha Katiba kinavyotaka. Ni jambo kubwa, na watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani kwa ajili ya kukosa pesa ya prime waliingia darasani. Lakini madarasa yalijaa. Mwalimu mwenye watoto 70, 80 ama zaidi hana nafasi ya kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja aliyesahau sauti ya “nda” na “mbo”. Ana programu ya kufuata na mkaguzi atakayemuuliza amefika wapi. Mtoto aliyesahau anaketi kwenye dawati la nyuma, anarudia kwa kelele pamoja na wenzake kile ambacho wenzake wanasoma, na mwalimu anadhani anasoma. Mwisho wa mwaka anaambiwa arudie darasa. Akirudia mara mbili, hasa kama ni msichana mkubwa kuliko wenzake, mara nyingi harudi tena shuleni. Watu watasema wazazi walimtoa shule. Ukweli ni kwamba alianza kutoka siku aliposhindwa kusoma sentensi ya mwaka wa pili.

Basi wazazi wafanye nini? Wale wenye uwezo katika miji yetu wanalipia masomo ya vakansi. Kila mwaka matangazo yanabandikwa kwenye kuta, katika Goma, Bukavu, Butembo, Uvira: encadrement, hesabu, Kifaransa, hata Kiingereza na kompyuta. Hatusemi yote ni mabaya. Kuna walimu wanaofanya kazi safi, na mtoto anayekutana na wenzake asubuhi tatu kwa wiki chini ya macho ya mtu mzima yuko salama kuliko anayezunguka barabarani. Lakini mengi ya masomo hayo yanauza kitu kimoja: kumtanguliza mtoto katika programu ya mwaka unaokuja. Mtoto ambaye bado anatafuta sauti za mwaka wa kwanza anaandikishwa nakala ndefu za mwaka wa pili, kwa Kifaransa, anajaza kaye mbili, na mzazi anafurahi kuona kaye zimejaa. Kunakili si kusoma. Mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri bila kujua neno hata moja alilolinakili. Mzazi anayelipa ana haki ya kumwambia mwalimu wa vakansi: mpe mtoto wangu maandishi asiyoyajua, asome mbele yangu, kisha anieleze alichosoma.

Hapa tunagusa jambo ambalo linaudhi wazazi wengi: lugha. Katika mitaa yetu imani ni kwamba mtoto anayesoma Kiswahili anapoteza wakati, kwa sababu mtihani, kazi na ofisi ni Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba akipewa kitabu cha Kiswahili, wengine wanakiweka pembeni na kumtafutia cha Kifaransa. Tunawaelewa. Kifaransa ni lugha ya serikali, na hakuna mzazi anayetaka mtoto wake afungiwe mlango. Lakini njia ya kufika huko siyo hiyo.

Sheria yenyewe imekwisha kulitambua. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inataka watoto wa miaka ya kwanza ya msingi wafundishwe kwa lugha za taifa ama lugha za mazingira yao, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizoandikwa katika Katiba. Sababu ni rahisi. Mtoto hawezi kujifunza mambo mawili magumu kwa mara moja, yaani namna ya kusoma na lugha asiyoijua. Akijifunza kusoma kwa lugha anayoielewa, kila neno analofaulu kulitamka linamjibu: anajua mara moja kama amesoma vizuri, kwa kuwa neno lina maana kwake. Akisoma “parapluie” ambalo hajawahi kulisikia, hawezi kujisahihisha, na atakubali sauti yoyote.

Kuna na faida nyingine ambayo hatuithamini. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Vokali ni tano tu, na kila herufi inabaki na sauti yake. Chukua majina ya miji yetu: Go-ma, Be-ni, U-vi-ra, Bu-ka-vu, Bu-ni-a, Ki-ndu, Bu-te-mbo. Kila kipande kinaishia kwa vokali. Mtoto mwenye vipande hivyo kichwani anaweza kusoma maneno mamia ambayo hakuna aliyemfundisha. Sasa mwonyeshe “eau” ya Kifaransa: herufi tatu, sauti moja, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayosema “o”. Mwonyeshe “ils parlent”, ambako karibu nusu ya herufi zimenyamaza. Mtu mzima aliyezoea hayaoni tena hayo. Mtoto anayaona, na yanamchosha. Ujuzi wa kuunganisha herufi ukikwisha kushika katika Kiswahili, unahamia katika Kifaransa. Hatajifunza kusoma mara ya pili, atajifunza Kifaransa. (Siku ya Kiswahili duniani, ambayo UNESCO iliiweka tarehe 7 mwezi wa saba, inaangukia katika wiki ya kwanza ya vakansi yetu. Kwa kawaida inapita na hotuba. Ingekuwa vizuri ipite na mtoto mmoja katika kila nyumba akisoma ukurasa kwa sauti.)

Mzazi atajibu kwamba Kiswahili cha kitabu si kile cha nyumbani kwake. Ni kweli. Mtoto wa Bukavu anasema “buku”, kitabu kinasema “kitabu”. Anasema “kuko bantu”, kitabu kinasema “kuna watu”. Na katika nyumba nyingi lugha ya kwanza ni Mashi, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kirega ama Kibembe, na Kiswahili kimekuja kupitia barabara na soko. Tofauti hizo zipo, lakini haziwezi kulinganishwa na umbali kati ya mtoto huyo na Kifaransa. Kinachoharibu ni kumcheka. Mtoto akisoma “watu” na kusema “bantu”, ameelewa; mwambie tu kitabu kinavyosema, na muendelee. Akichekwa mara tatu atafunga kitabu, na wewe utasema hapendi kusoma.

Kazi inayotakiwa nyumbani ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Dakika kumi na tano kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tisa, ni zaidi ya saa kumi na moja za kusoma. Katika darasa la watoto 80, mtoto hapati hata robo ya muda huo akisoma peke yake kwa sauti, kwa mwaka mzima. Lakini iwe kila siku ama karibu kila siku. Saa mbili za Jumamosi, mtoto akiwa amekasirika na mzazi akiwa na kamba mkononi, hazifanyi kazi hiyo. Wakati mzuri ni ule ambao tayari upo: asubuhi kabla ya jua kali, ama jioni wakati chakula kiko motoni na kila mtu yuko karibu.

Mtoto aliyemaliza mwaka wa kwanza anaweza kuanza na katoni. Kata katoni ya sabuni vipande vidogo, andika kwa biki nzito: ba, be, bi, bo, bu, ma, me, mi, mo, mu, na kuendelea hivyo. Mtoto anaviweka chini na kutengeneza maneno: ma-ma, ma-ji, ji-ko, ko-pe, mo-to. Aliye mkubwa kidogo anatafuta mwenyewe maneno ambayo mwenzake hajayapata, na ikiwa ni mchezo wa kushindana kati ya watoto watatu wa parsele moja, hutahitaji kuwakumbusha kesho. Mtoto wa mwaka wa pili ama wa tatu anahitaji sentensi na hadithi, na hapo ndipo shida ya vitabu inapoanza. Tutairudia.

Kwa hesabu, soko ni mwalimu asiyelipwa. Mtume mtoto kununua makala ama sambaza, lakini kabla hajaondoka aseme mwenyewe pesa itakayorudi. Akirudi ahesabu mbele yako. Noti ya 1000, sambaza za faranga 600, ngapi zinabaki? Watoto wengi wanaouza maji ya sashe kandokando ya barabara wanafanya hesabu hizi kwa kichwa kwa haraka inayoshangaza, kisha darasani wanashindwa 1000 - 600 iliyoandikwa ubaoni. Wanajua hesabu, kile wasichokijua ni maandishi yake. Hivyo baada ya kusema, aandike kwenye mchanga ama kwenye kaye ya zamani. Maharagi yanafaa pia kwa kupanga makumi na mamoja, na kisoro, kwa familia zinazoijua, inafundisha kuhesabu mbele kuliko kaye nyingi.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika kazi hii. Hakuna anayemwomba afundishe. Anachoweza kufanya ni kuketi, kusikiliza, kisha kuuliza: nani alifanya nini? Kwa nini? Wewe ungefanya nini? Mtoto anayejibu maswali hayo ameelewa, anayebaki kimya alikuwa anatamka tu. Mzazi huyo anaweza pia kumpa mtoto kazi ya kweli: nisomee ujumbe huu wa M-Pesa, nisomee kilichoandikwa kwenye kopo hili la maziwa, nitafutie wimbo namba 42 katika kitabu cha nyimbo. Karibu kila nyumba ina maandishi ya Kiswahili bila kujua, Biblia na vitabu vya nyimbo vikiwa vya kwanza. Na kaka ama dada wa mwaka wa sita anaweza kuwa mwalimu wa mdogo wake, jambo ambalo linamsaidia yeye mwenyewe pia. Bibi ambaye hajawahi kushika biki ana hadithi za sungura na fisi; mtoto anayesikia hadithi ndefu kila usiku anajifunza maneno na mpangilio wa mambo, na siku atakapoyakuta kitabuni hayatakuwa wageni.

Tusijidanganye hata hivyo. Katika nyumba nyingi vakansi haina dakika za bure. Kiangazi cha Kivu Kusini ni wakati wa maji kuwa haba, na wanaotembea na bidoni asubuhi na jioni ni wasichana. Wavulana wanapelekwa kuuza, wengine wanakwenda kijijini kusaidia shambani, na karibu na machimbo wengine wanakwenda mahali ambapo mtoto hapaswi kuwa. Hatutamwambia mama anayelisha watoto sita kwa kuuza ndizi kwamba azuie watoto wasimsaidie. Tunamwomba jambo dogo, kwamba kazi zigawanywe kati ya wavulana na wasichana, ili zile dakika kumi na tano zisiwe za mvulana peke yake. Mara nyingi tunakuta kaka ameketi na kaye na dada yake yuko bado kwenye bomba.

Kuna pia familia zilizofika juzi na godoro moja, zikipokelewa kwa ndugu ama katika nyumba isiyokwisha kujengwa. Mtoto aliyekimbia risasi hahitaji kwanza silabi, anahitaji kulala usingizi na kucheza. Lakini waalimu waliofanya kazi katika kambi zilizokuwa kandokando ya Goma walijionea kwamba saa chache za kuimba, kuchora na kusoma pamoja zinamrudishia mtoto siku yenye mpangilio. Makanisa, misikiti na familia zinazopokea zinaweza kuanzisha vikundi vya namna hiyo chini ya mti, bila kungoja shirika lije na bango lake.

Turudi kwenye vitabu. Shule nyingi zina kabati lililofungwa, na ndani yake kuna vitabu vya mwaka wa kwanza na wa pili. Vitabu vya kusoma kwa Kiswahili vipo: mradi wa ACCELERE!, uliolipwa na Marekani na Uingereza kuanzia 2015, ulitayarisha vya Kiswahili, Kilingala na Tshiluba kwa madarasa ya chini. Vilivyofika mahali vinatoka kwenye kabati asubuhi, vinarudi mchana, na mwezi wa saba vinafungiwa miezi miwili pamoja na panya. Direkta anaogopa. Kitabu kikipotea ataulizwa yeye, na hakuna atakayemlipia. Woga wake una sababu, lakini kitabu kinachozeeka bila kusomwa kimepotea vilevile.

Kamati ya wazazi, COPA, ipo katika kila shule, na kazi yake isiishie kuitwa siku ya ukaguzi. Inaweza kuchukua jukumu hilo: kaye moja yenye majina, mzazi anatia saini ama kidole, kitabu kimoja kwa familia mbili ama tatu za avenyu moja, na kubadilishana kila wiki mbili. Kitakachopotea COPA yenyewe itaeleza, siyo direkta peke yake. Serikali za majimbo zingetoa barua moja fupi inayoruhusu jambo hilo, na woga mwingi ungekwisha. Barua hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji mtu wa kuitia saini kabla ya buleteni kutolewa.

Wenye simu ya kisasa wanaweza kupata hadithi za watoto kwa Kiswahili bila malipo kwenye tovuti ya African Storybook, zenye picha na sentensi fupi, na zikishapakuliwa hazili mega tena. Na redio: mwaka wa 2020, shule zilipofungwa, Radio Okapi pamoja na UNICEF na wizara ya elimu ilirusha masomo katika kipindi cha Okapi École. Redio zetu za mitaa, ambazo zinafika hata pale mtandao haufiki, zingetenga robo saa kila asubuhi ya vakansi kwa hadithi ya Kiswahili inayosomwa polepole, na maswali matatu mwishoni. Sisi wa vyombo vya habari tunalaumu wengine kwa urahisi. Hii ni kazi yetu.

Neno moja kuhusu walimu. Wengi wao watatumia miezi hii kulima ama kutafuta pesa, na wale ambao bado hawajaandikishwa kwenye orodha ya mishahara hawana njia nyingine. Wasibebeshwe mzigo wa bure wa vakansi. Kinachowahusu ni mwezi wa tisa. Wiki ya kwanza, badala ya kufungua programu mpya ukurasa wa kwanza kana kwamba kila mtu anakumbuka kila kitu, mwalimu wa mwaka wa pili amwite kila mtoto mbele na kumpa sentensi nne za mwaka wa kwanza azisome. Dakika mbili zinatosha. Watoto 70 ni dakika 140, karibu nusu saa kwa siku kwa siku tano, wakati wengine wanachora ama wananakili. Ijumaa jioni atakuwa na orodha ya wanaosoma, wanaohangaika na waliosahau kabisa, na Jumatatu atajua nani aketi mbele.